Kamera Yenye Lenzi Isiyotoka

Misugusugu, Jumapili alasiri

Mwanangu Rehema,

Wewe na mama yako mmekwenda Janga kumuaga bibi, nami nimebaki hapa studio nimefunga mlango ili mteja asinikatishe. Mkirudi mtanikuta nimemaliza. Kesho asubuhi unapanda treni pale Ruvu kwenda Dodoma, halafu basi mpaka Kondoa, ukaanze kazi yako ya ubibi shamba. Habari za chandarua, za maji ya kunywa, na za kutopokea chakula cha mtu usiyemjua safarini, mama yako amekwishazisema, na atazisema tena kesho kituoni. Simwingilii. Mimi nina jambo moja tu, nalo limo ndani ya boksi dogo jeusi utakalolikuta juu ya begi lako.

Ni kamera. Lakini si ile uliyoitaka.

Ulitaka ile kubwa ya kubadilisha lenzi. Ulinionyesha kwenye simu, ukanitajia na lenzi ndefu ya kwenda nayo, ukasema, "Baba, hii inavuta mpaka unaona kope za mtu aliye ng'ambo ya mto." Nilikuitikia, "Nimesikia." Sikukuahidi kitu, ila najua uliichukua kama ahadi. Hii niliyokuchagulia inaingia mfuko wa koti. Lenzi yake ni moja, imekaa hapo tangu kiwandani, haitoki wala haivuti. Kilicho mbali kitabaki mbali. Usidhani nimebana matumizi, maana kwa bei yake tungeweza kupata ile kubwa na lenzi yake ndefu juu. Nimechagua hii nikiwa na akili zangu timamu, na nina uhakika nayo kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua. Nataka ujue uhakika huo niliupata wapi. Haikuwa kwenye kitabu.

Ulikuwa darasa la tatu. Wakati huo biashara ya harusi ilikuwa imenikubali, nami nilikuwa na begi la lenzi lililonipinda bega. Nilijiona fundi. Nilikuwa na lenzi moja nyeupe, ndefu kama paja la mtoto, na nilipoibeba mtaani watu walinipisha. Nikisema kweli, niliipenda kwa sababu ya kule kupishwa. Picha nilizopiga nayo sikuziangalia sana.

Siku moja nilikuwa natoka Maneromango kwenye shughuli, naendesha pikipiki kurudi Kisarawe mjini. Kando ya barabara kulikuwa na nyumba ya udongo, imepakwa chokaa nyeupe upande mmoja. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameketi kizingitini, ameinama, kichwa amekishika kwa mikono yote miwili. Mwanga wa jioni ulikuwa unamwangukia begani. Nilisimamisha pikipiki chini ya mkorosho, mbali kabisa, nikatoa lenzi yangu nyeupe, nikampiga picha tatu. Hakuinua kichwa. Nikawasha pikipiki, nikaondoka. Sikumsalimia. Kwa umbali ule hata ningepiga kelele asingenisikia, na hilo ndilo lililonifurahisha: kwamba sikumsumbua. Hilo niliita ufundi.

Shirika moja lilikuwa linatafuta picha za vijijini. Niliwapa ile pamoja na nyingine, wakaipenda ile kuliko zote. Nikasaini karatasi yao bila kuisoma hadi mwisho. Miezi kadhaa baadaye ikatoka kwenye bango kubwa, jina la studio yangu chini kabisa kwa maandishi madogo. Nilibandika nakala moja ukutani hapa. Wewe uliniuliza, "Baba, huyu mama analia nini?" Nikakujibu, "Ana njaa," kwa sababu bango lilisema hivyo. Lilisema: Leo tena atalala bila kula.

Naomba ukae na hilo kidogo. Mimi sikujua kama ana njaa. Nilisoma bango lililotokana na picha yangu mwenyewe, nikaliamini.

Yule mama anaitwa Bi Tatu. Nilimjua jina siku mwanawe alipoingia hapa studio, mwanamume wa umri wa kama miaka thelathini, shati limechomekewa vizuri, ameshika bango lililokunjwa mara nne. Aliitwa Salumu, alikuwa akifanya kazi ya useremala mjini Dar. Alilikunjua juu ya meza hii ninayoandikia.

"Wewe ndiye uliyempiga mama yangu?"

Nilidhani ananiuliza kama nimempiga kwa ngumi. Kisha nikaona bango.

"Ndiyo, ni picha yangu," nikasema. "Kuna tatizo gani, kaka?"

"Nimeikuta ukutani, mahali ambapo watu hupanga foleni kutwa nzima. Nimesimama na wenzangu wa kazini, mmoja anasema, maskini mama wa watu, hana hata mtoto wa kumlisha. Nami nipo pale pale."

Sasa sikiliza baba yako alivyojibu. Nilimwambia kwamba mama yake alikuwa nje, mahali pa wazi, na kwamba mpigapicha hana kosa kupiga kilicho wazi. Nikamwambia maneno ya kwenye bango si yangu. Yote hayo yalikuwa kweli, na nilipokuwa nikiyasema nilisikia sauti yangu imekuwa ya karani anayetaka mtu aondoke dirishani. Salumu hakupandisha sauti. Alisema baba yake, Mzee Kondo, ameacha kwenda barazani. Kwenye harusi ya mpwa wake wakwe walimfungia chakula kwenye kifurushi akampelekee mkewe, wakicheka. Mzee alikiacha kifurushi kile kwenye mchanga, akaondoka kabla ya ndoa kufungwa. Tangu siku hiyo yeye na Bi Tatu walikuwa hawasemeshani vizuri, kwa sababu mzee alitaka kujua ni kwa nini alikaa vile mlangoni, mbele ya watu, kama mjane.

Akaliacha bango mezani, akatoka.

Nilimweleza mama yako nikitarajia anitetee. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua hadi nilipomaliza, kisha akasema, "Nenda ukamsalimie." Nikasema nitatuma barua. Akasema, "Hukumpiga picha kwa barua." Ilinichukua siku nane kuondoka. Siku nane zile ndizo ninazozionea haya zaidi kuliko ile picha, kwa sababu picha niliipiga kwa ujinga, lakini siku nane nilizikaa nikijua.

Nilipofika, Mzee Kondo alikuwa uani anakaza mpini wa jembe. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Aligonga jembe, akaligeuza, akagonga tena. Bi Tatu ndiye aliyetoka. Nilijitambulisha, nikasema mimi ndiye mpigapicha, nimekuja kuomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani lakini hakunipa nafasi ya kuyatoa.

"Siku ile ulikuwa umesimama wapi?" aliniuliza.

Nikamwonyesha ule mkorosho, kule ng'ambo.

Akaupima umbali kwa macho. "Kule kote? Kwa nini hukuja? Ungekuja ungeniuliza nina nini. Ningekwambia jino."

"Jino?"

"Jino, baba. Jino lilikuwa linaniuma. Nimekaa pale namsubiri huyu," akamwelekezea mumewe kidole, "aliyekwenda kuniletea dawa kwa baiskeli. Hebu njoo."

Akanishika mkono wa shati, akaniingiza ndani. Nyuma ya ule ukuta wa chokaa, hatua mbili kutoka kwenye kizingiti alichokuwa amekalia, palikuwa na magunia ya korosho yamepangwa mpaka kwenye boriti za paa. "Haya yalikuwepo siku ile," akasema. "Mwaka ule tulivuna vizuri kuliko miaka yote tangu nimeolewa."

Rehema, sijawahi kusikia kitu kikanikata kama kile. Jino, na magunia. Mtu mzima ambaye nilidhani nimesoma mateso ya dunia kwenye bega lake, kumbe ana jino na mume mwema aliye njiani. Ningekuwa nimesogea, hata nisingehitaji kuuliza. Ningeyaona magunia kupitia mlangoni.

Bi Tatu akataka nimpige picha hapo hapo, yeye na mumewe, mbele ya magunia. Mzee Kondo akakataa kwa kichwa. Mkewe akamwambia, "Kondo, unataka ile ndiyo ibaki?" Ndipo akasimama, akaweka jembe chini, akaja na vumbi lake mikononi.

Sasa kamera niliyobeba ilikuwa na ile lenzi nyeupe, na nyingine nilikuwa nimeziacha nyumbani. Chumba kilikuwa kidogo. Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, nikachungulia, nikaona pua ya Mzee Kondo peke yake. Nikatoka nje, nikarudi hatua kadhaa uani, nikapata mlango na nusu ya Bi Tatu. Nikarudi tena, kuku wakatawanyika, nikajikwaa kwenye kinu. Kwa mara ya kwanza nikamsikia Mzee Kondo. Alikuwa anacheka. "Huyu," alimwambia mkewe, "bila kukimbia hawezi kuona mtu."

Wiki iliyofuata sikutaka kulibeba tena begi langu la lenzi; nilirudi na kamera niliyoiazima kwa fundi mwenzangu wa Mlandizi, kitu kidogo chenye lenzi moja isiyotoka, ambacho siku zote nilikuwa nikimtania nacho kwamba ni cha watalii. Kilitosha chumbani. Ili niwapate wote wawili na magunia ilinibidi nisimame karibu nao kiasi cha kunusa ugoro wa mzee, na ukisimama hivyo huwezi kunyamaza, lazima uongee na watu. Tuliongea. Nilipiga huku tunaongea juu ya panya wanaotoboa magunia. Ile ndiyo picha iliyoning'inia kwao hadi leo, na ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga maishani, ingawa hakuna aliyeipa bango.

Shirika nililifuata mara tatu. Mara ya tatu walikubali kuyatoa mabango, na mengi yaliondoka kweli. Lakini Salumu aliliona moja tena baadaye, mkoa mwingine kabisa, limefifia juani. Picha ikishatoka, ukiiita hairudi. Mzee Kondo alirudi barazani kwake, ingawa kwa wale wakwe hakukanyaga tena. Mimi hakunitamkia msamaha. Alinipokea kila nilipokwenda, akanipa kigoda. Nimejifunza kuridhika na kigoda.

Kuna kosa la pili, nalo nilikukosea wewe. Ulipokuwa kidato cha nne ulianza kupiga picha kwa simu ya mama yako. Ukaniletea moja: bibi anamenya muhogo, nusu ya uso imekatwa, mikono imejaa fremu nzima. Nami niliyekwisha kupita yote hayo ya Kisarawe nikaangalia ile picha, nikasema, "Umemkata kichwa. Hii si picha." Ulichukua simu, ukaondoka. Miaka miwili hukunionyesha nyingine, nami nikajiambia umeacha. Mwaka jana mama yako ndiye aliyenifungulia albamu ya simu yake. Mwanangu, zilikuwa mamia. Wauza ndizi wa barabarani hapa Misugusugu, wavuvi wa Ruvu wanatengeneza nyavu, bibi katika kila hali. Wote wanakuangalia kama mtu waliyekuwa wanazungumza naye. Nikairudia ile ya muhogo. Kumbe ulikuwa umeketi chini mbele yake, magoti yenu karibu yanagusana. Mimi niliona kichwa kilichokatwa. Ulichokipiga ni mikono iliyokuwa inakulisha.

Nisamehe kwa lile neno. Nilipaswa kulisema hili mwaka jana.

Kwa hiyo nilipokwenda Kariakoo kwa Hamidu, muuza kamera niliyefahamiana naye tangu enzi za filamu, nilijua ninachotafuta. Sikutafuta kamera ya kukufundisha kusogea, hilo unalijua kunishinda. Nilitafuta isiyokushawishi kurudi nyuma. Kazi unayokwenda kuifanya itakuingiza mashambani kwa watu na nyumbani kwao, ukiwa na kitambulisho cha serikali shingoni. Kitambulisho kile peke yake kinatosha kumfanya mtu asikukatalie. Usiongezee lenzi ndefu.

Hamidu aliniwekea tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ndogo na inavuta, lakini kihisi chake, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, kilikuwa hakizidi ukucha wa kidole gumba. Niliipeleka stoo kwake, nikampiga akiwa kati ya maboksi; uso ukatoka na chengachenga kama uji wa mtama. Nikaiweka pembeni, kwa sababu nyumba za watu zina giza. Ya pili ilikuwa na kihisi kikubwa kuliko zote na picha zake zilikuwa safi ajabu, ila haina tundu la kuchungulia. Nikatoka nayo mlangoni jua la saa saba, nikaangalia kioo cha nyuma nikajiona mimi mwenyewe na mapaa ya Kariakoo. Kwa Kondoa hiyo haifai. Halafu lenzi yake ilikuwa pana mno. Ukimsogelea mtu, pua inamtangulia.

Ya tatu ndiyo hii. Kihisi chake ni kikubwa kiasi cha kupiga chumbani bila flashi. Upana wa lenzi unakaribia kile jicho lako linachoona bila kugeuza kichwa. Ina tundu la kuchungulia. Mwanga unaurekebisha kwa kuzungusha duara kwenye lenzi, na kasi ya kupiga kwa gurudumu la juu, kwa hiyo unajua kamera imekaaje hata kabla hujaiwasha. Na mlio wake, Rehema! Niliisikiliza sikioni. Ni kama mtu anayeweka kijiko juu ya kitambaa.

"Wenzako wote wanauliza inavuta mara ngapi," Hamidu alisema. "Wewe umekuja kusikiliza."

"Hii haivuti hata mara moja?"

"Hata mara moja. Ukitaka karibu, unatembea."

"Basi nifungie."

Alisita. Ni mfanyabiashara, lakini ananijua. "Ni ya binti yako, si ndiyo? Vijana hawazipendi hizi mwanzoni. Watakosa ndege, watakosa mpira."

Ni kweli, utavikosa. Utaona tai juu ya vilima vya Kondoa, nawe utarudi nyumbani na nukta nyeusi. Vumbi likiingia ndani ya lenzi hutaweza kuifungua mwenyewe, itabidi uipeleke kwa fundi. Betri yake ni ndogo. Sikufichi lolote, na bado nasema nimechagua sawa. Nilibeba begi zima la lenzi miaka kumi na tano, na siku niliyotaka kuwapiga watu wawili ndani ya chumba kimoja, sikuwa na hata moja ya kunisaidia.

Hata hivyo, kamera ni yako, si kovu langu la kuvaa shingoni. Nimezungumza na Hamidu. Ukikaa nayo miezi mitatu ukaona inakunyima unachokitafuta, irudishe kwake, atakubadilishia na ile kubwa. Sitauliza sababu. Pengine utaona kitu ambacho mimi sikukiona, kama ulivyokwishafanya.

Nasikia sauti za watu nje, nadhani ni nyinyi, kwa hiyo nimalizie.

Humu studio kuna sura za nusu ya Kibaha. Yangu haipo. Ya mwisho ni ile ya kitambulisho, ambayo nimetoka kama mtu aliyeshtakiwa. Mama yako naye nimempiga mara nyingi, lakini kila mara akiwa amejipanga, na mimi nikiwa nyuma ya taa. Hatuna picha yetu wawili tangu siku ya ndoa. Kesho tutafika Ruvu mapema, unamjua mama yako hakubali kuchelewa. Kabla treni haijaingia, naomba utupige. Usituambie tutabasamu. Sogea, sogea tena, mpaka uone mikunjo na pale niliponyoa vibaya. Nitababaika kidogo, maana sijazoea kuwa upande huo, na huenda machozi yakanilengalenga, wewe ukadhani ni upepo.

Wewe usirudi nyuma. Piga.

Anayekupenda,
Baba